Miguu ya Mwalimu

Wapo watu wanaoonewa wivu kwa mali, na wapo wanaoonewa wivu kwa watoto waliosoma. Mimi nimemwonea mtu mmoja wivu kwa sababu ya miguu yake, tena kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kudumu katika jambo lolote, ikiwemo kazi yangu na, Mungu anisamehe, kwenda kanisani. Alikuwa mwalimu wangu wa bailojia. Ananizidi miaka kumi na minne. Nalisema hilo mapema ili ukubwa wa kidonda ueleweke: aliyekuwa akinishinda si kijana, ni mzee.

Kwetu Nyamwaga mtu akitajwa tu, swali la kwanza ni ukoo wake. Mimi ukoo wake siutaji, kwa makusudi. Nikiutaja watu watasema, "Aa, wale wana damu nzuri," na habari ya damu nimeisikia mpaka masikio yamechoka. Zamani niliipenda sana, kwa sababu kama ni damu, basi mimi sina kosa lolote.

Ili wivu wangu ueleweke, lazima nieleze risaga. Risaga ni kulimiana kwa zamu: leo majirani wote kwangu, keshokutwa wote kwako. Mashamba yetu mengi yako mlimani, ambako maksai na plau hawapandi, kwa hiyo ni jembe la mkono. Kila mtu anapewa ngwe yake, kipande kirefu kinachopanda mlima, na katikati ya kila ngwe mwenye shamba anachomeka kijiti. Unaanzia chini unapanda. Ukimaliza ya kwako husimami kuwatazama wenzako. Unakwenda juu ya ngwe ya jirani aliyechelewa, unalima kwa kushuka kumfuata, mpaka majembe yakutane. Huko ndiko kupokelewa.

Kupokelewa si aibu. Aibu ni kukutwa chini ya kijiti, maana yake hujafikisha hata nusu. Ukikutwa chini ya kijiti mara mbili katika msimu mmoja, msimu unaofuata hupewi ngwe. Hakuna atakayekutukana. Utaletewa kigoda kivulini, utapewa togwa ya kwanza, utaambiwa, "Pumzika, mzee wetu," na wanaume watapanda mlima bila wewe. Nimewaona wakikalishwa pale, mmoja baada ya mwingine. Hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kwenye mstari.

Tangu nilipostaafu ukarani wa ardhi pale Bomani na kurudi nyumbani, nimepokelewa karibu kila risaga, na anayenipokea ni Mwalimu, kwa kuwa tunapangwa jirani. Lakini sijawahi kukutwa chini ya kijiti. Hilo nilijivunia. Kila jioni Mama Robi, mke wangu, aliniuliza habari za shamba, nami nilimjibu, "Kanipokea tena yule babu yako, ila juu ya kijiti." Hayo maneno ya mwisho niliyasema kwa sauti kidogo.

Sasa miguu yenyewe. Mwalimu ni mfupi, na tangu nimjue anavaa kaptura ya kaki akiwa nyumbani. Shavu la mguu wake limejaa na kukaza, likipanda juu akipiga hatua. Nikiwa nimeinama kwenye ngwe yangu, jasho linaniingia machoni, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa miguu hiyo ikinijia kutoka juu. Kabla sijaona uso wake roho ilikuwa imeshaniuma.

Alijua kwamba ni mizuri. Hakuwa mtu wa unyenyekevu. Mfukoni mwa shati alitembea na tepu ya fundi cherehani, na kila mwaka, siku ya somo la misuli, alipanda juu ya dawati, akajipima shavu la mguu mbele ya darasa na kuandika namba ubaoni kwa chaki. Kisha alituita mmoja mmoja tulibonye shavu hilo. Mimi nilibonya. Nilikuwa kidato cha pili, mwembamba kama fito, na nadhani wivu wangu ulianzia pale penye ncha ya kidole.

Siku hiyo alitufundisha jambo ambalo tuliliandika na kulikariri: misuli uliyozaliwa nayo ndiyo utakayozikwa nayo. Ikichanika inabaki kovu, ikipungua imekwenda. Lilikuja kuwa swali la mtihani, na mimi nililipata.

Miaka mingi baadaye, yeye ameshastaafu, mimi bado niko dirishani pale ofisi ya ardhi, alikuja akaruka foleni yote na kushika nondo za dirisha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mura. Nimekuja kukuambia niliwafundisha vibaya."

Mura kwa Kikurya ni kijana wa kiume. Wakati huo nilikuwa na wajukuu wawili.

"Lipi, Mwalimu?"

"Ile ya misuli. Kidato cha pili. Chukua karatasi uandike."

Mama mmoja nyuma yake akalalamika kwamba wao wamekuja kwa mambo ya viwanja, na mzee apange foleni kama wengine. Mwalimu akageuka. "Na wewe misuli unayo, mama yangu. Sikiliza tu, hutajuta."

Ndivyo watu wa foleni ile walivyopata somo la seli shina, stem cell kwa Kiingereza. Alisema msuli umetengenezwa kwa nyuzi, na ubavuni mwa kila uzi, chini ya ngozi yake nyembamba, kuna seli ndogo zimelala. Hazifanyi kazi yoyote, zimelala tu. Siku uzi ukichanika, iwe kwa jembe, iwe kwa kuanguka, zinaamka na kugawanyika. Nyingine zinakwenda kuungana na uzi na kuwa msuli mpya. Nyingine, na hapa alinyanyua kidole, zinarudi kulala palepale, ili siku nyingine zikihitajika ziwepo.

"Ni risaga, mura. Unapigwa mluzi, majirani wanatoka. Lakini mtaa wenye akili hautoi watu wote siku moja. Wengine lazima warudi nyumbani wakalale. Akiba haiozi."

"Na uzeeni zinakwisha?" aliuliza yule mama wa viwanja, ambaye alikuwa ameshasogea mbele.

"Zinapungua, lakini haziishi. Shida ni kwamba zinachelewa kusikia mluzi. Na mtaa wenyewe umeharibika: mafuta yameingia katikati ya nyuzi, makovu yamejaa, damu inaleta habari polepole. Nyingine zinashtuka ovyo bila kuitwa, zinachoka bure. Ukikaa tu, ndiyo unazizika. Ukifanya kazi, ukala, ukapumzika, mtaa unapata nafuu, nazo zinasikia."

Aliondoka bila kuaga. Nilikuja kugundua kwamba hakuja kwangu peke yangu. Alikuwa amekaa na kuandika majina ya wanafunzi wote aliowakumbuka, na alikuwa akipanda bodaboda kwenda kwa mmoja baada ya mwingine, Sirari, Nyamongo, hata Musoma, kuwasahihisha. Mke wake, ambaye kwa miaka yote ya ndoa hakuwahi kusikia mumewe akisema samahani kwa jambo lolote la nyumbani, aliniambia hilo kwa uchungu. "Watoto wa watu anawafuata mpaka makwao kuwaomba radhi ya bailojia. Mimi hata chumvi akiimwaga ananilaumu mimi."

Alikuwa hivyo, mambo yake hayakukaa upande mmoja. Alihubiri maharage, dagaa na maziwa ya mgando, kisha akatia sukari vijiko vinne kwenye kikombe cha chai. Mwanamume wa kupanda mlima na jembe begani, lakini Jumapili alipanda bodaboda kwenda kanisani, na kanisa linaonekana kutoka mlangoni kwake. Ukimcheka anakujibu kwamba siku ya mapumziko imeandikwa.

Na kuhusu mapumziko hakuwa na utani. Kesho yake baada ya risaga alilala kwenye benchi la barazani kutwa nzima. Siku moja nilimkuta hivyo nikamwomba anisaidie kujitwika mkungu wa ndizi. Alikataa. "Leo mafundi wako ndani, mura. Usiwasumbue." Nilijitwika mwenyewe nikiguna. Moyoni nilisema huyu mzee ni mvivu, nikafurahi angalau kumpata na kosa.

Kosa jingine nililompata lilikuwa la jembe lake. Kwenye ngwe yake mwenyewe alilima kama trekta, akiacha nyuma mabonge makubwa kama vyungu. Lakini akija kunipokea, ghafla alikuwa bwana shamba. Aliinama kwenye kila mzizi wa sangari, lile jani baya linalotambaa chini ya ardhi, akauvuta wote, akaukung'uta udongo, akaulaza pembeni kwenye fungu lililopangwa vizuri. Mimi huku natweta, yeye kule anapanga mizizi. Nililichukulia kuwa ni dharau. Nilimwambia Mama Robi, "Ananionyesha kwamba ana nguvu za kuchezea."

"Wewe una roho ya kwa nini," alinijibu. "Mtu anakusaidia kulima, unamhesabia mizizi."

Nilikuwa nayo, nakiri. Ilinifikisha mpaka Sirari. Kule mpakani, kwenye kibanda cha simu na vipodozi, kuna bwana mmoja kutoka upande wa pili aliyekuwa akiuza unga kwenye vipakiti vinavyong'aa.

"Mzee, hii ni stem cell original," aliniambia. "Ukikunywa hii wiki mbili tu, hiyo miguu itarudi ya boys. Si ati nakudanganya, wazee wengi wananunua."

Nikajiambia: kumbe ndiyo siri! Kumbe Mwalimu naye anakunywa, halafu anatuzungusha na hadithi za majirani waliolala! Nilinunua, nikaficha vipakiti ndani ya buti la mvua, nikakoroga kila asubuhi. Ulikuwa na ladha ya ubuyu na sabuni. Kwa siku kadhaa nilijiona mwepesi. Kisha tumbo likaanza kunikimbiza, na Mama Robi akaifuata harufu mpaka kwenye buti. Hakunigombeza. Alimpelekea Mwalimu pakiti moja, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Mwalimu alikuja kwangu jioni hiyohiyo. Aliisoma pakiti pande zote, akanirudishia.

"Ungemeza ng'ombe mzima ungeota pembe?"

"Hapana, Mwalimu."

"Chochote kilichokuwa hai humu, tumbo lako limekipika. Za kwako unazo, mura. Unazo sasa hivi, hapo ulipokaa."

Akatoa tepu akataka kunipima paja. Nilikataa. Nilisema goti linaniuma. Sikutaka namba yangu ikae mfuko mmoja na ya kwake.

Halafu akaanguka. Alikuwa njiani kwenda Mugumu kumsahihisha mwanafunzi wake mmoja aliyehamia huko, bodaboda ikateleza kwenye tope, na mfupa wa paja ukavunjika. Nilipata habari asubuhi, na nitasema nilichohisi, maana nimeahidi moyoni kutodanganya. Kabla ya huruma ilipita furaha. Ilikuwa fupi, lakini niliiona sura yake.

Majuma machache baadaye nilipanda basi kwenda kumwona hospitalini. Alikuwa ameshafanyiwa upasuaji, amelala, na majuma yale ya kulala yalikuwa yamefanya kazi yao. Alifunua shuka mwenyewe. Mguu ule, ule niliouchukia, ulikuwa umenywea, ngozi imelegea juu ya mfupa. Akanipa tepu.

"Nipime paja. Manesi hawapimi palepale kila mara."

Nilimpima. Nilimsomea namba. Akafumba macho kidogo, kisha akasema, "Sasa tutaona kama wanasikia."

Kwa jumla nilikwenda mara tatu. Mara ya pili alikuwa anainuka kutoka kwenye kiti na kukaa, anainuka na kukaa, ameshika kitanda, machozi yanamtoka kwa maumivu, na kila akimaliza awamu anadai yai. Nilimpima, tepu ikawa imeongezeka kwa upana wa ukucha. Mara ya tatu ikaongezeka tena. Nilikuwa nimepiga goti kwenye sakafu ya wodi, nimeshika paja la mgonjwa wa miaka sabini na sita, na nilikuwa na wivu. Hata kitandani alikuwa anapanda mlima.

Lakini haikurudi yote. Mwenyewe alinieleza bila kuficha, kwamba kwa umri wake majirani wachache wanatoka, tena wanatoka wamechelewa, na kuna ngwe ambazo hazitalimwa tena. Alilisema akiwa anatazama dirishani.

Masika yaliyopita alikuja kwenye risaga na jembe begani na fimbo mkononi. Mwenyekiti wetu wa kikundi alikuwa ameshamwekea kigoda. "Mwalimu, kaa hapa, uonje togwa kama imeiva."

"Nipe ngwe," alisema Mwalimu.

Siku ile ya kwanza alipokelewa na mtu mwingine, na alikutwa chini ya kijiti. Juma lililofuata tulikuwa kwenye shamba la mlimani la mjane mmoja jirani yetu, nikapangwa ubavuni mwa Mwalimu kama zamani. Kila mtu alijua kwamba akikutwa chini ya kijiti leo, ni mara ya pili.

Nilimaliza ngwe yangu. Nilinyoosha mgongo, nikatazama, na kwa mara ya kwanza maishani Mwalimu alikuwa nyuma yangu. Alikuwa mbali chini ya kijiti, ameegemea jembe, mguu mmoja unatetemeka. Sikuwa na haraka. Nilizunguka kwa kupita mbele ya watu ili wanione, nikafika juu ya ngwe yake, nikaanza kushuka. Nililima kama mwenye deni na ardhi ile. Kijiti kilikuwa kinanijia. Nilipiga hesabu: nitakifikia kabla yake, nitakipita, tutakutana kule chini, na msimu ujao mimi nitakuwa kwenye mstari na yeye kivulini.

Akainua uso akaniona. Au tuseme aliiona miguu yangu kwanza, kisha uso. Yale macho niliyajua. Nimeishi nayo chini ya kofia yangu miaka yote hii. Akainama akavuta jembe, na nilisikia akiguna kama nilivyoguna mimi.

Jembe langu likagonga mzizi wa sangari. Sijui kwa nini nilisimama. Niliinama nikauvuta, nikaukung'uta udongo, nikaulaza pembeni. Nikauvuta wa pili. Nikaukung'uta. Nilikuwa na wa tatu mkononi nilipobaki nimeinama vilevile, siwezi kunyanyuka.

Kwa sababu nilikumbuka mafungu. Misimu yote ile, mtu aliyeacha mabonge kama vyungu kwenye ngwe yake, akija kwangu anapanga mizizi. Nikakumbuka tulikokutana: hatua mbili juu ya kijiti. Hatua tatu juu ya kijiti. Hatukukutana chini hata mara moja.

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakapata moto. Nikaona jioni zangu zote na Mama Robi, ile "ila juu ya kijiti" niliyoisema kwa sauti. Kumbe kiti changu kivulini kilikuwa kimeshawekwa zamani, na mtu mmoja alikuwa akikisogeza kwa mguu kila msimu, kimyakimya. Baada ya hasira ikaja aibu. Mikono nayo iliendelea na kazi. Ikavuta mizizi ambayo hata haikustahili kuvutwa.

Alipanda. Alichukua muda mrefu. Alikifikia kijiti, akakipita, na hatua mbili juu yake majembe yetu yakagongana. Alikuwa anahema kwa mdomo. Alitazama fungu la mizizi ubavuni mwangu, jinsi lilivyopangwa, kisha akanitazama mimi.

"Sangari ni nyingi upande huu, mura."

"Ni nyingi sana, Mwalimu."

"Hata zile za kwako zilikuwa nyingi," alisema, akaweka mkono begani kwangu ili tushuke.

Alikuwa mzito. Tulishuka hatua kwa hatua, na njia nzima nilikuwa bado na wivu, sasa mkubwa kuliko ule wa kwanza. Kwa maana yeye alikaa na jambo lile miaka yote asimwambie mtu, na mimi nililifanya mara moja tu, hatujafika hata chini, mdomo ulikuwa unaniwasha kusimulia.

Mama Robi alikuwa kwenye sufuria pamoja na wenzake. Alituona tukija hivyo, tumeshikana.

"Leo nani kampokea mwenzake?" aliuliza.

"Mimi nimempokea Mwalimu," nilisema. "Juu ya kijiti."

Alinitazama akingoja niendelee, kama ninavyoendeleaga. Mwalimu naye alikuwa akinitazama. Nikaomba togwa.